Stabilaiza na Magari Makubwa ya Rimoti: Nani Anaihitaji, na Wapi

Aliyewahi kupeleka gari gereji kwa sababu ya mlio wa “ko-ko-ko” kila linapopita kwenye tuta amekwisha kukutana na stabilaiza, hata kama hakuiona kwa macho. Fundi huingia chini ya gari, hutikisa kijifimbo chenye boljointi mbili, kisha hutoka na jibu: linki ya stabilaiza imekufa. Wengi hununua linki mpya. Wengine huambiwa iondolewe tu, na gari huendelea kutembea. Tofauti huiona siku wanapoingia kona kwa kasi na bodi likalala kuliko walivyozoea. Kifaa hichohicho, kikiwa na unene wa msumari, kimezua ubishi usiokwisha kati ya waendeshaji wa magari makubwa ya rimoti, yale ya kipimo cha moja ya tano yanayokimbizwa kwenye udongo, vumbi na mchanga. Kuna wanaoapa kwamba gari lisilo na stabilaiza halimalizi mzunguko bila kupinduka. Kuna wanaosema njia ya vumbi haitaki kitu hicho hata kidogo. Nimewahi kuwa upande wa kwanza, nikahamia wa pili, na leo nasimama mahali pengine: naona pande zote mbili zinabishania kazi ambayo stabilaiza haikuumbiwa.

Gari la 1/5 si la kuchezea sebuleni. HPI Baja 5B, bagi iliyotoka mwaka 2006 na kuvuta watu wengi kwenye ukubwa huu, ina urefu wa milimita 817, upana wa 480, na uzito wa kilo 10 hivi. Injini yake ya petroli ni ya cc 23, ya ukoo mmoja na zile za mashine za kufyekea nyasi: viharusi viwili, petroli iliyochanganywa na oili, kamba ya kuwashia, feni ya kupoza. Imekaa nyuma na inasukuma matairi ya nyuma tu. Losi 5IVE-T, iliyofuata miaka michache baadaye, ni ya aina nyingine: pikapu ya mashindano, matairi yote manne yanasukuma, na uzito unakaribia kilo 15. Nitazirudia hizi mbili, kwa sababu tofauti yao ndiyo inayoamua sehemu kubwa ya swali letu.

Ukilichukua gari halisi la kilo 1,500 na kulipunguza mara tano kwa urefu, mara tano kwa upana na mara tano kwa kimo, uzito wake unagawanywa kwa 125 na zinabaki kilo 12. Kwa uzito, basi, gari la 1/5 ni gari kweli. Kisichopungua ni dunia. Jiwe linabaki jiwe lilelile, na tuta la sentimita 10 kwa gari hili ni sawa na ukuta wa nusu mita kwa gari halisi. Kani ya uvutano nayo haipungui, na matokeo yake ni kwamba kila kitu hutokea haraka zaidi: mlalo wa kona ambao kwenye gari halisi huchukua sekunde moja, hapa humalizika chini ya nusu sekunde. Dereva mwenyewe hayumo ndani. Amesimama jukwaani, mita 30 au 40 kutoka kwenye kona, hana kiti cha kumweleza kwamba nyuma inaanza kuteleza. Anachokiona ni bodi likilala, na kwa kuwa ndicho anachokiona, ndicho anachokimbilia kukitibu.

Liweke gari mezani, bodi limetolewa, uitazame stabilaiza ya nyuma. Ni fimbo moja ya chuma iliyokunjwa mfano wa herufi U iliyopanuliwa. Sehemu ya katikati imelala kutoka kushoto kwenda kulia, imeshikwa na bushi mbili kwenye kasha la difu, na inaweza kuzunguka ndani ya bushi hizo. Miguu yake miwili inaelekea nyuma au mbele, na mwisho wa kila mguu una linki fupi inayoshuka hadi kwenye mkono wa chini wa tairi. Sasa shika matairi yote mawili ya nyuma uyanyanyue pamoja. Fimbo inazunguka kwenye bushi zake, haikuzuii chochote. Nguvu unayoihisi ni ya springi peke yake. Achia, kisha nyanyua tairi moja tu. Mguu mmoja wa fimbo umepanda, mwingine umebaki chini, na katikati chuma kinasokotwa. Utahisi tairi limekuwa zito, na ukiangalia upande wa pili utaona tairi lile jingine linataka kufuata juu. Majaribio hayo mawili yanaonyesha karibu kila kitu. Gari likitua kutoka angani kwa matairi yote sawasawa, stabilaiza haifanyi kazi yoyote. Likipanda jiwe kwa tairi moja, stabilaiza inalipelekea tairi la pili habari za jiwe ambalo halikulikanyaga. Na likilala kwenye kona, la nje likibonyea na la ndani likining'inia, fimbo inasokotwa, inasukuma la nje chini na kulivuta la ndani juu, na bodi linalala kidogo zaidi.

Wazo hili ni la zamani. Hataza ya kwanza ya kifaa cha namna hii ilipewa Stephen Coleman wa Fredericton, New Brunswick, huko Kanada, mwaka 1919, na tangu hapo kimsingi hakijabadilika.

Kosa la kwanza, na ndilo kubwa, ni kudhani kwamba gari likipunguza kulala, mzigo unaohamia upande wa nje nao umepungua. Haukupungua. Mzigo unaohama kwenye kona unategemea uzito wa gari, ukali wa kona, kimo cha kitovu cha uzito na upana kati ya matairi. Chukua gari la kilo 12, kitovu chake kipo sentimita 10 juu ya ardhi, upana kati ya matairi ni sentimita 40, na kona inalivuta upande kwa nguvu ya asilimia 70 ya uzito wake. Mzigo unaohama kutoka matairi ya ndani kwenda ya nje ni nyutoni 21 hivi, yaani kilo mbili na kidogo. Funga stabilaiza nene kama kidole, hesabu ni ileile. Fungua zote, ni ileile, ukiacha nyongeza ndogo inayoletwa na bodi kulala. Katika kanuni hiyo ugumu wa springi haumo, wala wa stabilaiza haumo.

Kinachobadilika ni nani anaubeba mzigo huo, mbele au nyuma. Ncha ya gari iliyo ngumu zaidi kulala ndiyo inayochukua fungu kubwa la zile nyutoni 21. Ukifunga stabilaiza mbele peke yake, tairi la mbele la nje linabeba zaidi, la mbele la ndani linabaki jepesi, na kule nyuma matairi mawili yanakaribiana kwa mzigo. Na hapa inaingia tabia ya mpira ambayo kila anayeendesha mashindano anaijua mikononi hata kama hajaisoma popote: tairi likiongezewa mzigo mara mbili, mshiko wake hauongezeki mara mbili. Jozi ya matairi yanayobeba sawasawa hushika vizuri kuliko jozi ambayo moja limeelemewa na jingine linapapasa hewa. Kwa hiyo stabilaiza ya mbele inaipunguzia mbele mshiko na kuiachia nyuma. Ya nyuma inafanya kinyume. Hakuna stabilaiza inayoongeza mshiko mahali ilipofungwa. Unainyima ncha moja ili nyingine ipate, na swali la kweli ni kama unajua ncha ipi ina ziada ya kutoa.

Picha mbili za barabarani zinalionyesha jambo hili kuliko maneno. Ya kwanza ni Volkswagen Golf kwenye mashindano: matairi yanayosukuma ni ya mbele, na kwenye kona kali tairi la nyuma la ndani limening'inia juu kama mguu wa mbwa. Ya pili ni Porsche 911 ya zamani, injini nyuma, matairi ya nyuma yanasukuma: linaloinuka ni la mbele la ndani. Katika zote mbili ugumu wa kulala umepelekwa kwenye ncha isiyosukuma, ili ile inayosukuma ibaki na matairi mawili ardhini. Porsche 911 ndiyo iliyomaliza ya pili kwenye Safari Rally ya Kenya mwaka 1978 mikononi mwa Vic Preston Jr, na kwa mpangilio wa injini na ekseli, bagi ya Baja 5B iko karibu zaidi na gari hilo kuliko na pikapu yoyote.

Hilo nililijua kwa kuchelewa. Bagi yangu ya kwanza ya 1/5 ilikuwa ya kusukuma nyuma, na nilichukia kuiona ikilala. Nikafunga stabilaiza nene nyuma. Kweli, ikawa inakata kona ikiwa imenyooka, na kutoka jukwaani ilipendeza. Lakini kila nilipovuta mafuta kutoka kwenye kona, tairi la nyuma la ndani liliinuka kidole kimoja, likaanza kuzunguka bure na kutupa vumbi nyuma kama kuku anayechakura, injini ikalia juu na gari lisiende. Difu ya kawaida hugawa nguvu sawa kushoto na kulia, na tairi lililo hewani halina pa kuiweka nguvu yake, basi na la nje linapata kidogo hichohicho. Nililaumu difu. Nikaifungua, nikatia silikoni nzito zaidi, na sasa gari likakataa kukata kona kabisa: matairi ya nyuma yaliyokuwa yamefungamana yaliisukuma pua moja kwa moja hadi kwenye uzio. Wiki mbili zilipita kabla sijafungua nati moja ya linki ya stabilaiza na kuiacha ining'inie. Mzunguko uliofuata gari lililala zaidi kuliko siku zote, na lilitoka kwenye kona likiwa limeshika.

Tangu hapo kwa bagi ya kusukuma nyuma kwenye ardhi iliyolegea naanza bila stabilaiza ya nyuma, na kama mbele kuna haja naanza na fimbo nyembamba. Sioni sababu ya kuirudisha ya nyuma isipokuwa gari linakataa kugeuka, na hata hapo nimeshajaribu kwanza kushusha pua kidogo au kubadilisha matairi ya mbele.

Gari la kusukuma kwa matairi yote, kama 5IVE-T, lina uhuru mkubwa zaidi. Tairi moja la nyuma likipoteza mshiko, mbele bado inavuta, na difu ya katikati huamua nguvu inakwenda wapi. Tena magari haya kwa kawaida hugoma kugeuka: matairi ya mbele yanaombwa kukata kona na kuvuta gari kwa wakati mmoja. Stabilaiza ya nyuma iliyo ngumu kidogo kuliko ya mbele inalisaidia gari kuzunguka, na kwa uzito wa kilo 15 na bodi la pikapu lililokaa juu, kulitaka gari libadili upande haraka kwenye kona za zigizaga ni ombi la haki. Kama kuna mahali kwenye ulimwengu wa vumbi ambapo stabilaiza mbili, mbele na nyuma, zina kazi ya kudumu, ni hapa.

Lakini ardhi ina sauti kubwa kuliko gari. Udongo wa mfinyanzi ulioshindiliwa na kunyunyiziwa maji hadi ukawa mweusi na kung'aa kutokana na mpira, au nyasi bandia na mazulia yanayotandazwa kwenye baadhi ya viwanja vya Ulaya, hushika tairi kwa nguvu. Hapo gari hulala sana kwa sababu lina kitu cha kuegemea, na kulala huko hulichelewesha: dereva anageuza usukani, bodi linachukua muda wake kwenda upande, ndipo gari linageuka. Stabilaiza inafupisha muda huo. Vumbi kavu juu ya udongo mgumu ni habari nyingine kabisa. Tairi linateleza kabla bodi halijalala vya kutosha kusokota fimbo. Kwenye mchanga laini, wa pwani au wa jangwa kama ule wa Wahiba kule Oman, karibu sijali kama stabilaiza ipo. Mchanga wenyewe hujipanga chini ya tairi. Na kwenye njia iliyochimbika, yenye mifereji ya matairi na mashimo ya kuvunjia breki, stabilaiza nene ni adui wa wazi. Kila tairi linahitaji kushuka kwenye shimo lake bila kumuuliza jirani. Tairi moja la 1/5 pamoja na rimu na habu yake huweza kupita nusu kilo, na nusu kilo ikirushwa juu na jiwe la kushoto huku ikiunganishwa na kulia kwa fimbo ngumu, gari zima huyumba.

Watengenezaji wa magari halisi ya njia mbaya wamelikubali hilo kwa fedha nyingi. Jeep Wrangler ya toleo la Rubicon ina kitufe ndani ya kabini kinachoifungua stabilaiza ya mbele. Baadhi ya Land Cruiser 200 zilitoka kiwandani na mfumo wa KDSS, ambao kwa silinda za mafuta huikaza stabilaiza kwenye lami na kuilegeza gari linapopanda mawe. Ingekuwa stabilaiza haina madhara nje ya lami, gharama hiyo isingekuwa na maana.

Na kupinduka je? Wengi hufunga stabilaiza kwa hofu hiyo, basi tuihesabu. Gari hupinduka kwa mshiko pale nguvu ya upande inapozidi nusu ya upana wa matairi ikigawanywa kwa kimo cha kitovu cha uzito. Kwa bagi yetu ni sentimita 20 kwa 10: inahitaji nguvu ya upande mara mbili ya uzito wake. Hakuna vumbi linalotoa mshiko huo. Gari litateleza kabla ya hapo. Bagi ikipinduka njiani, mara nyingi imejikwaa: tairi la nje limeingia kwenye mfereji au limegonga jiwe likiwa linateleza kwa ubavu. Stabilaiza haizuii kujikwaa. Gari la magurudumu makubwa, lile la mtindo wa monsta, ni kesi tofauti. Weka nusu upana wa sentimita 22 na kitovu kilicho juu sentimita 20, kiwango kinashuka hadi 1.1 tu. Likilala nyuzi 10, kitovu kinasogea nje karibu sentimita mbili, na kiwango kinakuwa 1.0. Hapa stabilaiza inaokoa ile sehemu ya kumi, na kwenye zulia au udongo unaoshika sehemu hiyo ndiyo inayoamua kama gari litabaki kwa matairi. Ni msaada wa kweli, ila ni mdogo, na kushusha kitovu cha uzito sentimita mbili kunatoa uleule.

Sasa unene, ambako watu hupoteza hela nyingi. Ugumu wa fimbo ya mviringo inayosokotwa unakwenda kwa kipeo cha nne cha kipenyo chake. Fimbo ya milimita 4 haiizidi ya milimita 3 kwa theluthi moja. Inaizidi zaidi ya mara tatu. Kwenye bagi ndogo za 1/8, ambako fimbo huwa za milimita 2 na nusu hivi, waendeshaji hubadilisha kwa sehemu ya kumi ya milimita, kwa sababu kutoka 2.4 kwenda 2.5 tayari ni ongezeko la asilimia 18. Mtu anayetoka 3 kwenda 4 kwenye 1/5 kwa hatua moja halirekebishi gari lake, anapata gari jingine. Hata kukua kwa kipimo hakufuati akili ya kawaida: ukitaka fimbo ya 2.5 ya gari la 1/8 iwe na tabia ileile kwenye gari la 1/5 lenye maumbo yaleyale, haitoshi kuzidisha kwa 1.6 na kupata 4. Inatakiwa kuwa 4.5 hivi.

Kuna njia ya taratibu zaidi, nayo ni urefu wa mguu. Nguvu ya fimbo kwenye linki inapungua kwa mraba wa urefu huo. Mguu wa milimita 40 ukifupishwa kuwa 36, kwa kuisogeza kola ya linki, ugumu unapanda kwa asilimia 23. Ndiyo sababu napenda stabilaiza zenye kola inayokazwa kwa skrubu kuliko zile zilizokunjwa na kuishia kwenye nundu moja: fimbo moja inakuwa fimbo tatu.

Tuone kama namba hizi zina uzito. Fimbo ya chuma ya milimita 3, sehemu inayosokotwa ina urefu wa milimita 120, miguu ya 40, na linki imefungwa katikati ya mkono wa tairi. Kwenye tairi lenyewe inatoa takriban nyutoni 1.7 kwa kila milimita ambayo matairi mawili yanakwenda kinyume. Springi ya gari la kilo 12 linalokaa chini milimita 20 kwa uzito wake inatoa kama 1.5 kwenye tairi hilohilo. Maana yake, fimbo inayoonekana kama waya wa kuanikia nguo imeuongeza ugumu wa kulala wa ncha hiyo zaidi ya mara mbili. Ukiirukia ya 4, imeuongeza mara nne na nusu. Katika maisha halisi miguu nayo hupinda kidogo na boljointi zina mchezo, kwa hiyo utapata pungufu, lakini picha ni hiyo.

Na chuma gani? Nimesikia mara nyingi kwamba fimbo ya chuma cha springi ni “ngumu zaidi” kuliko nondo laini ya unene uleule. Kwa kusokotwa ndani ya uwezo wake, zote ni sawa. Aina karibu zote za chuma zina ugumu mmoja. Tofauti ni mahali pa kukata tamaa. Ile fimbo ya 3 ikisokotwa na matairi yanayokwenda kinyume, miguu ikisogea milimita 10 kila upande, ngozi ya chuma inabeba mkazo wa megapaskali 500 hivi. Nondo laini ya dukani inakubali kama 150 kabla haijapinda moja kwa moja. Kwa hiyo ile uliyojikunjia kwa vaisi itafanya kazi vizuri mezani, na kwenye kona ya kwanza ya maana itabaki imesokoteka, na tangu hapo itakuwa inalisukuma gari upande mmoja hata likiwa limesimama. Fimbo nene inateseka zaidi kwa msokoto uleule, kwa kuwa ngozi yake iko mbali na kiini. Tumia waya wa springi, uukunje ukiwa baridi kwa mviringo mpana, usiupashe moto mwekundu ukaua ugumu wake.

Gari kusukumwa upande mmoja likiwa limesimama ni ugonjwa wa kawaida kuliko inavyodhaniwa, na hutokana zaidi na linki zisizolingana kuliko fimbo iliyopinda. Nusu mzunguko wa uzi wa linki unatosha. Dalili yake ni gari linalogeuka vizuri kushoto na kugoma kulia, au linalopinda pua linapopigwa breki. Kulipima hakuhitaji mizani ya bei kubwa. Weka gari juu ya ubao ulionyooka, liinue na kulibonyeza mara mbili tatu ili springi zitulie. Chukua bisibisi yenye ncha nyembamba, iweke chini ya chesisi katikati kabisa mbele, unyanyue polepole huku ukiangalia matairi mawili ya mbele. Yote yanatakiwa kuuacha ubao kwa wakati mmoja. Likitangulia moja, fungua linki moja ya stabilaiza ya mbele na ile ya nyuma, urudie. Kama sasa yanaondoka pamoja, mwenye makosa ni stabilaiza. Rekebisha linki hadi boljointi iingie mahali pake bila kulazimishwa. Kama bado moja linatangulia, tafuta kwenye springi na shokapu.

Vumbi nalo lina sehemu yake. Bushi za stabilaiza zikijaa udongo, fimbo haizunguki tena kwa ulaini, na hapo hata matairi mawili yakipanda pamoja yanazuiwa. Unapata gari linaloruka kwenye matuta madogo, ukaanza kupunguza uzito wa oili ya shokapu bila sababu. Mimi sizitii grisi; grisi na vumbi hutengeneza msasa. Nazifungua, nazifuta kwa kitambaa kikavu, naziacha na nafasi ya unene wa karatasi, na najaribu kwa kidole: fimbo ikitolewa linki inatakiwa kuanguka kwa uzito wake wenyewe.

Kuna jambo moja ambalo stabilaiza haina, nalo ni uwezo wa kumeza mtikisiko. Ni springi tupu. Ukiongeza ugumu wa kulala kwa fimbo nene na shokapu zikabaki zilivyokuwa, bodi linaanza kucheza kushoto na kulia baada ya kona, hasa kwenye gari zito la kimo kirefu. Ndiyo maana naiweka stabilaiza mwishoni mwa orodha. Kwanza kimo cha gari, kisha matairi, kisha springi na oili, kisha tundu la juu la linki ya tairi, ambalo likihamishwa hubadilisha namna gari linavyolala bila kuyafunga matairi mawili pamoja. Likibaki tatizo la ncha moja kuishinda nyingine, na ardhi inashika, hapo ndipo fimbo inapotoka kwenye kisanduku.

Siku za mashindano naibeba ikiwa imefungwa tayari, linki za upande mmoja zikiwa zimetolewa boljointi na kufungwa kwa zipitai juu ya mkono. Fimbo iliyoshikwa upande mmoja haina cha kusokotana nacho, kwa hiyo gari linakimbia kama halina kitu. Asubuhi uwanja unapokuwa umemwagiwa maji na udongo unashika, inachukua dakika mbili kuibana linki ya nyuma ya 5IVE-T na kuona kama inageuka haraka zaidi. Kufikia saa saba mchana njia imekauka, mifereji imechimbika kwenye kona ya mwisho kabla ya mruko, na naitoa tena.